Jenerali China: Mwanajeshi asiye na cheti aliyeishia kuwalea makurutu

Kila mara Jeshi la Ulinzi linapotangaza siku ya kusajili makurutu, vijana wa Kakamega huamka kabla ya jogoo. Hutoka Lurambi, Shinyalu, Malava, Khwisero na Matungu wakiwa wameficha vyeti vyao vya KCSE ndani ya bahasha za kaki, na wakifika uwanjani huvua viatu, hukimbia mizunguko kadhaa, hupimwa kimo na uzani, kisha hufunua vinywa ili meno yao yakaguliwe. Wachache hupewa barua za kwenda Eldoret katika shule ya mafunzo ya makurutu. Walio wengi hurejea nyumbani jioni hiyo hiyo, na baadhi yao husubiri tangazo la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, wakijaribu mlango wa pili baada ya ule wa kwanza kufungwa.

Katika foleni hizo, cheti ndicho huulizwa mwanzo. Asiye na alama zinazohitajika hata akiwa na mapafu ya swara hataruhusiwa kukimbia. Lakini mambo hayakuwa hivyo daima. Palikuwa na wakati ambapo makamanda wa kikoloni walimtazama kijana wa Kiafrika aliyesoma kwa jicho la shaka, wakimwona mjuaji na mkaidi, ilhali aliyetoka kijijini bila kujua kusoma alipokewa kwa mikono miwili, mradi awe na kifua kipana na miguu imara.

Mtu aliyezipitia zama zote mbili, na akaishia kuwa mmoja wa wale waliojenga ule mlango wa pili, ni hayati Waruhiu Itote, ambaye Wakenya wengi humfahamu kwa lakabu ya Jenerali China. Hakuwa mzaliwa wa magharibi mwa Kenya. Kwao kulikuwa Nyeri. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 vijana wa kila wilaya, wakiwemo wa Kakamega, walivaa sare na kupiga gwaride chini ya idara aliyoisaidia kuianzisha. Aghalabu hukumbukwa kwa vita vya msituni pekee, na sehemu hiyo nyingine ya maisha yake husahaulika.

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurweini. Masomo ya shule hayakumfikisha mbali. Katika miaka ya utoto wake shule za sekondari za Waafrika nchini Kenya zilihesabika kwa vidole. Shule ya Alliance ilifunguliwa mwaka 1926, na huko Kakamega shule ya serikali ya Waafrika ikaanzishwa katika miaka ya 1930. Mtoto wa mkulima wa kawaida aliyeweza kusoma Biblia kwa lugha ya mama na kujumlisha hesabu ndogo alidhaniwa ameelimika vya kutosha, na mara nyingi mzazi alikuwa ameshauza mbuzi wa mwisho ili kufikia hapo.

Mwaka 1939, akiwa kijana wa miaka 17, alishuka Nairobi kutafuta riziki. Yeye na wenzake walijaribu biashara ndogo ndogo, na huko ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza jinsi leseni na kanuni za mji zilivyokuwa zimepangwa kwa rangi ya ngozi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, na wakala wa jeshi walikuwa wakizunguka kila wilaya. Mnamo Januari 1942 Itote alijiunga na kikosi cha King's African Rifles, maarufu kama KAR. Hakuna aliyemwomba cheti.

Vijana wa Nyanza ya Kaskazini, wilaya iliyokuwa na makao yake makuu Kakamega, nao walikuwa wakichukuliwa miaka hiyo hiyo. Baadhi walikwenda kwa hiari, wakivutiwa na mshahara. Wengine walipelekwa na machifu waliotakiwa kutimiza idadi. Kambini walikutana Mluhya na Mkikuyu, Mkamba na Mnandi, Mnyamwezi na Mnyasa, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili cha gwaride, kile kilichoitwa Ki-KAR. Kwa wengi wao hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza yenye mabweni, ratiba na mtihani.

Itote alipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na kutoka huko akaingia Burma kupambana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, katika tope lililofika magotini, huku malaria na homa nyingine zikiwapunguza askari. Mapema mwezi Desemba mwaka huo divisheni hiyo iliutwaa mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin, na daraja likajengwa ili majeshi yavuke kuelekea katikati mwa Burma. Itote alikuwa miongoni mwa waliopigana katika uwanja huo wa Kalewa. Alijifunza kuvizia msituni, kusoma dalili za adui kwenye majani, kupanga doria usiku na kuishi siku kadhaa kwa chakula cha mkobani. Alipanda hadi cheo cha koplo.

Hapo ndipo ngazi ilipoanza kukosa vipago. Mwafrika wa Afrika Mashariki angeweza kuwa koplo, sajini, na kuanzia mwaka 1942 hata kuongoza platuni akiwa na cheo cha chini ya afisa, lakini afisa kamili hakuweza kuwa. Elimu haikubadilisha jambo hilo. Bildad Kaggia, aliyekuwa na masomo mengi kuliko Itote, alihudumu jeshini kama karani, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza, na akaishia kuwa sajini. Huko Afrika Magharibi, mwalimu Seth Anthony wa Gold Coast alitunukiwa uafisa mwaka 1942 na akapigana Burma hiyo hiyo. Kwa hiyo lililokosekana Kenya lilikuwa idhini tu, kwani uwezo ulikuwapo.

Kwa mvulana wa Kizungu njia ilikuwa wazi kama barabara kuu. Shule ya Prince of Wales mjini Nairobi, ambayo leo huitwa Nairobi School, ilikuwa na mafunzo ya kadeti kwa wanafunzi wake, na baada ya shule kijana angeweza kuingia Kenya Regiment na kuwa afisa kabla hajafikisha miaka 21. Koplo wa Kiafrika mwenye miaka mitatu ya vita mwilini alitakiwa kumpigia saluti.

Katika kumbukumbu zake Itote alisimulia mazungumzo mawili ya wakati wa vita yaliyomgeuza mawazo. La kwanza lilikuwa na askari wa Kiingereza aliyeshangaa kwa nini Mwafrika anahatarisha maisha yake kwa ajili ya himaya isiyo yake, na akamwambia kwamba yeye angalau anaitetea nchi yake mwenyewe. La pili lilikuwa na mwanajeshi mweusi wa Marekani, ambaye alimweleza habari za watumwa wa Haiti waliojikomboa kwa silaha. Huenda muda na hisia viliyapamba masimulizi hayo yalipoandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye, lakini jambo lenyewe halina ajabu. Maelfu ya askari walirejea kutoka Burma wakiwa na swali lilo hilo.

Vita vilipokwisha, jeshi lilimwachilia. Hakupewa shamba, na ujuzi wake haukuhesabiwa popote. Walowezi wa Kizungu waliotoka vitani walitengewa mashamba katika nyanda za juu kwa mikopo ya serikali. Mwafrika alipewa kiinua mgongo kidogo na tikiti ya kurudi kijijini. Itote akapata kazi katika shirika la reli, akitia makaa katika tanuri la garimoshi. Mtu aliyekuwa ameongoza wenzake gizani mbele ya bunduki za Wajapani sasa alishika sepetu.

Hali haikuwa tofauti kwa waliorejea Kakamega. Wenye ujuzi wa udereva walipata vibarua. Wengine walifungua maduka madogo yaliyofilisika. Wengi walirudi kwenye vipande vya ardhi vilivyokuwa vimeanza kuwa vyembamba. Serikali iliyotumia fedha nyingi kuwafunza vijana hao haikuwa na mpango wowote wa kuutumia ujuzi huo wakati wa amani. Kosa hilo lingeigharimu sana miaka michache baadaye, hasa katika eneo la kati.

Jijini Nairobi Itote aliingia katika chama cha KAU na katika harakati za wafanyakazi, kisha akajiunga na Anake a 40, kundi la vijana ambalo wengi wao walikuwa wametoka jeshini. Mwaka 1950 alikula kiapo cha Mau Mau. Mnamo Agosti 1952, miezi miwili kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa, aliingia msituni upande wa Mlima Kenya, akajipa lakabu ya China na kuwa kamanda wa eneo hilo.

Mafunzo ya KAR yalionekana katika kila alilolifanya. Wapiganaji walipangwa katika vikosi vyenye vyeo vya kijeshi, kambi zikawekewa walinzi wa zamu, kukawa na kanuni za nidhamu na adhabu. Vijana wa vijijini ambao hawakuwahi kushika hata bunduki ya kuwindia walifunzwa kupiga doria, kuvizia na kutawanyika. Silaha zilikuwa chache; nyingine zilitengenezwa kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya baiskeli. Maafisa wa Kiingereza waliowasaka walitambua upesi kwamba mbinu zilizowakabili walizifundisha wao wenyewe.

Mnamo Januari 15, 1954, alijeruhiwa kwa risasi shingoni katika makabiliano na akakamatwa. Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekijua Kikuyu kama lugha ya mama, alimhoji kwa saa nyingi mfululizo, na taarifa ya mahojiano hayo imebaki kuwa mojawapo ya nyaraka zinazosomwa zaidi na wanahistoria wa vita hivyo. Mapema Februari mahakama ya Nyeri ilimhukumu kunyongwa. Mwezi Machi hukumu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, baada ya yeye kukubali kuwaandikia makamanda wenzake ili wazungumzie kusalimu amri.

Hilo ndilo eneo gumu zaidi katika maisha yake, na si haki kulipita mbio. Mazungumzo hayo yalivunjika mwezi Aprili, mapigano yalipozuka karibu na mahali ambapo wapiganaji walikuwa wamekusanyika. Wapo waliomwona msaliti aliyenunua shingo yake kwa maisha ya wenzake, na lawama hiyo ilimfuata hadi uzeeni. Wapo waliosema kwamba alipoona ndege za mabomu na njaa vikiwamaliza vijana wake, kamanda wa kweli hakuwa na budi kutafuta njia ya kuwaokoa. Dedan Kimathi, aliyeendelea kupigana upande wa Nyandarua, alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 18, 1957. Kimathi akawa shujaa asiye na doa kwa sababu hakuishi kufanya maamuzi mengine. China aliishi.

Alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, gereza walimozuiliwa Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria: Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Humo ndimo koplo wa zamani alimopata shule aliyoikosa. Kenyatta, aliyekuwa amesomea anthropolojia jijini London, alimfundisha Kiingereza. Jua lilikuwa kali, chakula kilikuwa kibaya, na wafungwa wenyewe waligombana vikali, lakini saa zilikuwa nyingi na mwalimu alikuwapo. Itote alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30 alipokaa kitako kujifunza sarufi ya lugha aliyokuwa ameamrishwa kwayo tangu ujana. Vitabu viwili alivyochapisha baadaye, mwaka 1967 na mwaka 1979, vina mizizi yake katika changarawe za Lokitaung.

Aliachiliwa mwaka 1962. Kenya ilikuwa mlangoni mwa uhuru, na wakuu wapya walihitaji watu waliojua amri na nidhamu. Itote alipelekwa Israeli kwa mafunzo ya kijeshi. Akiwa na miaka 40 alipata elimu ya ngazi ya juu ambayo KAR ilimnyima alipokuwa na miaka 20.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo angeingizwa katika jeshi la taifa jipya, lakini mambo yalikwenda kinyume. Jeshi la Kenya lilirithiwa kutoka KAR karibu lilivyokuwa, pamoja na maafisa wa Kiingereza waliobaki kwa muda na makoplo na masajini waliopandishwa vyeo haraka. Baadhi ya Waafrika waliokwisha kupewa vyeo walikuwa upande wa serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Wapiganaji wa msituni hawakuunganishwa nalo. Kenyatta alitaka utulivu, na hakuwa tayari kuwaweka pamoja ndani ya kambi moja watu waliokuwa wakiwindana juzi. Hofu yake ilizidi Januari 1964, wakati askari wa kambi ya Lanet walipoasi kwa ajili ya mishahara na kuchelewa kwa Waafrika kushika uongozi, siku chache baada ya maasi kama hayo Tanganyika na Uganda. Waingereza ndio waliokuja kuyazima.

Miezi saba baadaye, mnamo Septemba 1, 1964, NYS ilianzishwa rasmi. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, na Itote akawa miongoni mwa wasaidizi wake wakuu. Ni vigumu kubuni jozi ya ajabu kuliko hiyo. Griffin alizaliwa Eldoret mwaka 1933, akasoma Prince of Wales, akawa afisa kijana upande wa serikali wakati wa Hali ya Hatari. Aliyoyaona yalimchukiza hata akaacha jeshi na kujitolea kwa ajili ya watoto waliozuiliwa na wale waliorandaranda mitaani. Mwaka 1959 alianzisha kituo cha Starehe pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Sasa yule aliyepewa uafisa kabla ya ndevu kuota na yule aliyenyimwa baada ya Burma walikaa katika idara moja, na yule mdogo kwa miaka 11 ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi.

Kazi waliyopewa haikuwa nyepesi. Miji ilikuwa imejaa vijana waliopigania au kuushangilia uhuru, na sasa walikuwa hawana kazi wala shule. Kulikuwa na wana wa tawi la vijana la KANU, waliojiona ni askari wa chama, na kulikuwa na waliotoka msituni na vizuizini. Serikali ilitaka kuwatoa barabarani, na hakuna haja ya kujifanya kwamba nia hiyo haikuwapo. Lakini ndani ya mpango huo kulikuwa na wazo lenye manufaa ya kweli: kijana apewe sare, chakula na nidhamu, ajenge barabara na kufyeka mashamba, ajue kuishi na watu wa makabila mengine, kisha kabla ya kuondoka afunzwe ufundi utakaomlisha.

Makurutu walianzia Gilgil. Waliamshwa kwa king'ora, wakapiga gwaride, wakakimbia, wakajifunza kutandika kitanda kwa mikunjo iliyonyooka. Hawakufunzwa kuwa wapiganaji. Walichopewa ni jembe na sururu, na gwaride lilikuwa namna ya kuwafunga pamoja. Baada ya hapo walitawanywa katika kambi za kazi, hususan maeneo kame ambako makandarasi hawakupenda kwenda. Wasiojua kusoma waliingizwa darasani. Waliomaliza awamu ya kazi walifunzwa useremala, umekanika, uashi, udereva na fani nyingine, na baadaye wasichana nao wakapata nafasi zao.

Kwa mzazi wa Kakamega wa miaka ya 1960 na 1970, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Wanafunzi wengi waliomaliza shule ya msingi hawakupata nafasi ya sekondari, na waliomaliza kidato cha nne hawakuwa na uhakika wa kazi. Ardhi ilikuwa imegawanywa hadi mpaka wa mtu na mtu ukawa ni mstari wa migomba. Kijana aliyerejea kutoka NYS na leseni ya kuendesha tingatinga au cheti cha ufundi alikuwa na kitu mkononi. Ukilinganisha na askari wa mwaka 1946 aliyeshuka kwenye garimoshi na koti kuukuu la jeshi, utaona kwamba angalau mtu mmoja katika idara hiyo alikuwa amejua kwa mwili wake nini hutokea kijana anapofunzwa, akatumiwa, kisha akaachwa.

Nchi jirani ilichukua mkondo tofauti. Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na miaka mitatu baadaye serikali ya Mwalimu Nyerere ikaamua kwamba wasomi wa sekondari ya juu na chuo kikuu walazimike kulitumikia, wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana, na Nyerere akawafukuza kwa mamia. Kenya wakati huo haikuwagusa wasomi wake. NYS ilikuwa ya hiari, na kwa kweli ilikuwa ya watoto wa maskini. Mtoto wa waziri hakuonekana Gilgil.

Mambo yalibadilika baada ya Agosti 1, 1982. Jaribio la mapinduzi lilifanywa na wanajeshi wa anga, tawi lililokuwa na vijana wengi waliosoma, na wanafunzi wa chuo kikuu wakajitokeza barabarani kuwaunga mkono. Jeshi la anga lilivunjwa na kuundwa upya, chuo kikuu kikafungwa kwa muda mrefu. Ile shaka ya wakoloni dhidi ya msomi mwenye sare ilikuwa imerudi, safari hii katika vichwa vya watawala Waafrika. Mwaka 1984 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamuru kwamba kila mwanafunzi aliyepata nafasi ya chuo kikuu apitie kwanza mafunzo ya miezi kadhaa ya NYS.

Hivyo wahitimu wa kidato cha sita kutoka Shule ya Kakamega, Butere Girls na shule nyingine kubwa walijikuta Gilgil, wakichimba mitaro na kupigiwa kelele na wakufunzi ambao wengi hawakuwa na hata nusu ya masomo yao. Wengine hadi leo wanasema kwamba walitoka humo na marafiki wa maisha na miili yenye afya. Wengine walikuona kama adhabu iliyovishwa vazi la uzalendo. Mpango huo ulidumu kwa miaka michache tu, ukasitishwa wakati idadi ya wanaoingia vyuoni ilipoongezeka kupita uwezo wa kambi.

Itote hakuwa na nafasi ya kuuongoza. Alistaafu mwaka huo huo wa 1984, akiwa na umri wa miaka 62, baada ya kuitumikia idara hiyo miongo miwili. Griffin alibaki hadi mwaka 1988, akarudi kuishughulikia Starehe kikamilifu hadi kifo chake mwaka 2005. Shule hiyo ilipokea wavulana wenye vipaji kutoka familia maskini za kila pembe ya nchi. NYS yenyewe iliendelea na safari yenye mabonde: ikapanuliwa, ikakumbwa na kashfa kubwa za fedha mwaka 2015 na mwaka 2018, ikafanywa shirika la umma kwa sheria ya mwaka 2018.

Vijana wa sasa wana ngazi ambayo Itote hakuwahi kuiona. Aliyefaulu vyema kidato cha nne huweza kuomba kuwa kadeti na kusomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Lanet, palepale walipoasi askari wa mwaka 1964. Mwenye alama za wastani hujaribu bahati yake kama kurutu wa Eldoret. Asiyefaulu huko huitazama Gilgil. Lakini foleni za Kakamega ni ndefu kuliko nafasi, na kila mwaka hujitokeza matapeli wanaowauzia wazazi barua bandia za kujiunga, wakiwaibia fedha za ng'ombe na za vipande vya shamba. Hao huwalenga wale wale ambao koplo Itote angewatambua: kijana mwenye nguvu, familia yenye matumaini, na ofisi iliyo mbali.

Maisha ya Itote baada ya kustaafu yalikuwa ya kimya. Hakuwa na utajiri wa kutajika, na jina lake halikutamkwa sana katika sherehe za kitaifa, maana taifa lenyewe lilikuwa halijaamua liwafanye nini watu wa msituni. Aliwahi kuwa mtumishi wa serikali mwenye ofisi, gari na saluti za makurutu, lakini chama cha wapiganaji alichokiongoza kilibaki ni haramu katika vitabu vya sheria, kwa amri iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950. Serikali aliyoitumikia haikuifuta wakati wa Kenyatta, mwalimu wake wa Kiingereza, wala wakati wa Moi.

Waruhiu Itote alifariki mwaka 1993. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa Agosti 2003, chini ya Rais Mwai Kibaki, miaka 10 baada ya kifo chake.